Unene wa Kisu cha Ulezi

Isdori alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mhunzi mtoto wa mhunzi, na alikuwa hajawahi kutengeneza kisu.

Mtu wa mbali akisikia hivyo alicheka. Pale Pito, kijiji cha Ufipa, hakuna aliyecheka. Isdori alinoa majembe, alikaza mashoka yaliyolegea kwenye mipini, alinyoosha nondo zilizopinda. Akiulizwa kisu, alitazama chini na kusema, "Visu hapa havitoki," kisha akaendelea kuvuta mivukuto kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu.

Mambo yalianza mwaka 1969, wakati yeye yuko Mpanda kwenye kibarua cha barabara. Siku hiyo kulikuwa na pombe ya mavuno nyumbani kwa Eustaki, jirani yao wa ng'ambo ya kijito. Eustaki na Ignasi, mdogo wake mama yake Isdori, wakabishana juu ya mpaka wa shamba. Waliamuliwa, wakacheka, wakaanza tena. Kabla jua halijazama Eustaki alikuwa amelala uani kwake na damu imesambaa mpaka kwenye mkeka. Ignasi alifungwa na hakurudi; alifia gerezani. Kisu kilichukuliwa na polisi. Kilikuwa kisu cha Oswaldi, baba yake Isdori, maana katika vijiji vile vyote visu vizuri vilikuwa vya Oswaldi.

Isdori aliporudi kutoka Mpanda alimkuta baba yake amekaa mbele ya banda la uhunzi, mikono juu ya magoti. Oswaldi alisema neno moja tu juu ya jambo lile. Alisema, "Visu, basi." Aliishi miaka kumi na miwili zaidi bila kufua hata kimoja, akafa.

Lakini hakuacha kugonga.

Hilo ndilo Isdori hakumwambia mtu. Alfajiri, kabla kengele ya kanisa haijalia, alisikia nyundo kwenye banda. Mapigo matatu mazito, kisha moja jepesi. Lile jepesi ndilo lililomtoa jasho, kwa sababu lilikuwa la baba yake hasa: Oswaldi alikuwa akipiga chuma mara tatu, na ya nne aliidondosha nyundo juu ya fuawe tupu ili kupumzisha mkono. Mwanzoni Isdori alikuwa akitoka na kibatari kwenda kutazama. Banda lilikuwa tupu, majivu baridi, upepo wa mwezi wa sita unapita chini ya mlango. Baadaye aliacha kutoka. Alilala akihesabu mpaka kunakucha.

Mwaka 1992, ulezi ulipokuwa unaanza kukauka shambani, mama yake, Tereza, alimwita jikoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anamtambua mtu kwa hatua zake.

"Isdori."

"Naam, mama."

"Unamsikia?"

Isdori aliweka chini kikombe cha uji. "Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Baba yako. Unamsikia au humsikii?"

"Namsikia."

"Tangu lini?"

"Tangu tumemzika."

"Mimi pia." Tereza alinyoosha mikono yake juu ya moto. Kucha za vidole gumba zilikuwa nene na nyeusi, moja imepasuka mpaka kwenye nyama. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akivuna ulezi kwa kucha hizo, akikata shuke moja moja, wakati wanawake wenzake wakikata kwa visu. Isdori aliamini kwamba ni majonzi ya mdogo wake aliyefia gerezani. "Mwaka huu vidole havifungi tena. Nitengenezee kisu cha ulezi."

"Mama, sokoni Sumbawanga visu vimejaa. Siku hizi za ruksa kila kitu kipo. Nitakuletea chenye mpini wa plastiki."

"Sikusema uninunulie. Nimesema unitengenezee. Baba yako amechoka kugonga, anataka kitoke kisu."

Nyumbani kwao kisu cha kwanza cha mhunzi hakikuuzwa. Kilikwenda kwa mama yake. Mama akikipokea na kukata nacho shuke la kwanza la mwaka, mikono ya mtoto inakuwa huru kuwatengenezea watu. Asipokipokea, mtoto hatengenezi kingine mpaka afe. Isdori alijua kwamba anaombwa mara moja tu, na ulezi haungengoja: ukizidi kukauka unapukutika, kinachobaki ni cha ndege.

"Kiwe na unene gani?" aliuliza.

Tereza alipapasa ukucha wake uliopasuka. "Unene wa vile vya baba yako," alisema.

Na hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu nyumbani kwa Oswaldi hapakuwa na kisu hata kimoja cha Oswaldi. Alivizika vyote. Isdori alivijua visu vya baba yake alipokuwa kijana, lakini unene ni kitu ambacho mkono unakijua na kichwa hakikijui, na mkono wake ulikuwa umesahau. Alijua jambo moja: kiwe chembamba. Kichwani mwake kile kisu cha mwaka 1969 kilikuwa kinene cha kuchinjia, mgongo kama kidole. Kisu chembamba kinataka mashuke. Kinene kinataka nyama. Aliyawaza hayo miaka yote na yalimsaidia kidogo.

Kulikuwa na nyumba moja tu ambako kisu cha Oswaldi cha ulezi kilikuwa bado kinafanya kazi. Ilikuwa nyumba ya Bertilla, mjane wa Eustaki.

Isdori alikwenda Jumapili baada ya misa. Alisimama uani pale pale, akatazama ardhi, akahisi aibu kana kwamba yeye ndiye aliyemwaga ile damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Isdori, leo umevuka kijito? Mvua itanyesha kiangazi."

"Nimekuja kuomba kutazama kisu chako cha ulezi. Mama ameniomba nimtengenezee kimoja."

Bertilla alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama mikononi. "Tereza amekuomba kisu cha ulezi? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na amekwambia nini kingine?"

"Kwamba kiwe na unene wa vile vya baba."

Bertilla alimtazama sana. Kisha aliingia ndani akatoka na kisu kidogo cha kuenea kiganjani, mpini wake umekuwa mweusi kwa mafuta ya mkono. "Haya, tazama. Ila usiondoke nacho. Hiki hakitoki uani kwangu."

Isdori alikata upenyo mdogo kwenye utete mkavu, kipande cha bua la nyasi, akaujaribisha kwenye mgongo wa kisu, akaongeza kidogo, mpaka mgongo ukaingia bila kulegea wala kubana. Akauweka utete mfukoni kama mtu aliyebeba yai.

Nyumbani alikuwa na kipande cha msumeno wa kupasulia mbao. Alikijaribu kwenye upenyo wa utete, kikaingia sawasawa. Akafurahi. Alikata, akachonga umbo, akakipasha moto mpaka kikawa na rangi ya embe bivu, akakizamisha ndani ya maji.

Kililia. Sauti ndogo tu, kama ukucha unaokatwa. Alipokitoa kilikuwa kimejipinda kama jani, na ufa umepita katikati.

"Kimekufa," mama yake alisema kutoka kibarazani.

"Kimepasuka, mama."

"Ndivyo nilivyosema."

Alfajiri iliyofuata nyundo iligonga kwa nguvu kuliko siku zote.

Habari kwamba moshi wa kisu umeonekana kwa Isdori zilimfikia Kashinje, mfugaji Msukuma aliyehamia ukingo wa Pito na ng'ombe wake mwaka juzi. Alikuja na springi nzima ya lori begani, akaitupa chini mbele ya banda mpaka kuku wakaruka.

"Isdori bwana! Mimi nipe cha kuchinjia. Mgongo unene wa kidole hiki." Alionyesha kidole chake cha shahada, na kwa kweli kilikuwa kidole kikubwa.

"Bado. Mpaka cha mama kitoke."

"Kitatoka lini?"

"Sijui. Cha kwanza kimepasuka."

"Kimepasuka kwa sababu ni karatasi!" Kashinje aliokota kile kilichopinda, akakitazama huku na huku. "Hiki cha kukatia nini? Ugali? Tena wa moto, maana wa baridi utakishinda." Alicheka peke yake, akaona Isdori hacheki, akapunguza sauti. "Haya bwana. Springi nakuachia. Fanya haraka, dume langu litakufa kwa uzee."

Isdori aliisogeza springi ile pembeni kwa mguu. Hakupenda hata kuigusa.

Usiku na mchana aliwaza kosa liko wapi. Alikipima kisu chenyewe, hakukisia. Jibu alilipata asubuhi moja alipomwona Bertilla ng'ambo ya kijito amepiga magoti kwenye jiwe, ananoa. Alilaza kisu chote ubavu juu ya jiwe, akakisugua upande huu na upande huu, kama wanavyofanya wanawake wote wa huko. Hakunoa makali peke yake. Alisugua kisu kizima, na jiwe la Ufipa halina huruma. Miaka ishirini na zaidi kila mavuno jiwe lilikuwa limekula ubavu. Isdori alipima kisu kilichobaki, hakupima kisu alichokitengeneza baba yake.

Akavuka kijito mara ya pili.

"Mama Bertilla, naomba kung'oa mpini."

"Mpini wa kisu changu? Una wazimu?"

"Nitakurudishia kisu chako leo hii. Nitakuwekea mpya, wa mti mzuri. Mkia wa kisu umo ndani ya mpini, jiwe halijaufikia. Huko ndiko kuna unene wenyewe."

Bertilla alifuta mikono kwenye khanga. "Umesoma mpaka la ngapi wewe?"

"La nne, mama."

"Basi lilikutosha." Alimpa kisu, lakini hakukiachia mara moja. Mikono yao miwili ilikishika. "Isdori, una hakika unataka unene huo?"

"Ndio alioutaka mama."

"Haya. Ng'oa."

Mti ulipasuka kirahisi. Ndani yake mkia wa kisu ulitoka mweusi, safi, na alama za nyundo bado zipo, tatu tatu, kana kwamba zimepigwa jana. Isdori alizihesabu. Alikata upenyo wa pili kwenye utete. Ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Kabla ya jioni alikuwa amemwekea Bertilla mpini mpya.

Sasa alihitaji chuma cha unene ule. Kuipunguza springi ya Kashinje kutoka unene wa kidole ilikuwa kazi ya watu wawili, na yeye alikuwa mmoja. Alipanda gari la mahindi la mfanyabiashara mmoja mpaka mjini, akatembea hadi mtaa wa Chanji, kwenye gereji ya kijana mmoja aitwaye Victor aliyekuwa ananunua vyuma chakavu. Uani kwake kulikuwa na milango ya magari, plau za ng'ombe, mapipa yaliyopasuliwa, ringi. Victor alivaa fulana ya mtumba yenye maandishi ambayo yeye wala Isdori hawakuyajua maana yake.

"Shikamoo mzee. Unatafuta nini?"

"Chuma cha kuingia hapa." Isdori alitoa utete.

Victor aliugeuza utete mbele ya macho yake, akaita ndani, "Mshikaji, hebu njoo uone! Mzee amekuja na mwiko wa kupimia chumvi." Kisha akaona uso wa Isdori, akaona haya. Alitoa kipimo chake cha chuma chenye midomo miwili, akakiweka kwenye upenyo. "Milimita tatu. Huu mwingine moja na nusu. Duh, mzee, umekata kwa mkono? Uko sawa kabisa."

Walitafuta pamoja mpaka jua likawa kichwani. Bati la pipa lilikuwa milimita moja, na laini, lisiloshika makali. Plau ilikuwa tano. Msumeno mwingine ulikuwa mbili. Chuma cha milimita tatu hakikuwepo.

"Chukua hii ya mbili," Victor alisema. "Mtu gani atajua?"

"Yupo," Isdori alijibu, akaaga.

Alirudi Pito mikono mitupu. Akaingia bandani, akakaa juu ya gogo la baba yake, akatazama juu kwa kuwa hakutaka kuitazama springi. Kwenye boriti, nyuma ya masizi ya miaka, aliona kitambaa kimefungwa kwa gome. Alikuwa ameingia katika banda lile kila siku kwa miaka kumi na mmoja tangu baba afe. Labda alikuwa amekiona na hakukitazama.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na bamba la chuma lenye urefu wa shubiri moja, limepakwa mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Limefuliwa vizuri, tayari kwa kisu. Ncha moja ilikuwa ya mviringo. Ncha ya pili ilikatwa kwa patasi.

Isdori alichukua utete. Chuma kiliingia kwenye upenyo wa pili na kutulia, bila kulegea, bila kubana. Alikaa nacho hivyo, utete mkono huu na chuma mkono huu. Kuna mtu alikuwa amemwekea. Hakuweza kuwaza zaidi ya hapo.

Alikifua siku iliyofuata. Maji aliyatia moto kwanza yakawa vuguvugu, kama baba yake alivyokuwa akifanya na yeye alivyokuwa amesahau. Kisu kiliingia majini kikanyamaza. Alikinoa, akakitia mpini wa mti mwekundu, akakilaza kiganjani mwa mama yake kibarazani, jua la jioni likiwa bado kwenye vilima.

Tereza hakugusa makali. Alipitisha kidole gumba mgongoni mwa kisu, taratibu, kutoka mpini hadi ncha. Kidole kilifika mwisho kikarudi. Kisha uso wake ukabadilika, na Isdori akajua kwamba hatakipokea.

"Kimekosewa, mama?"

"Hakijakosewa. Nani alikuonyesha unene huu?"

"Kisu cha mama Bertilla. Na chuma nilikikuta kwenye boriti ya baba."

"Kilikuwa kimekatwa upande mmoja?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Nusu yake ya pili ndiyo ilikuwa kisu changu."

Upepo ulipeperusha majivu mlangoni mwa banda. Tereza alisema bila kuinua sauti.

"Wewe unadhani ni kisu cha kuchinjia. Nimekuacha udhani, baba yako amekuacha udhani. Kilikuwa cha ulezi, Isdori. Kilikuwa changu. Nilitoka nacho shambani nimekichomeka hapa, kwenye khanga." Alijigusa kiunoni. "Ignasi alikivuta kwa nyuma. Nilikisikia kinatoka. Nikadhani ananitania, alizoea kunitania. Nikacheka. Eustaki alipoanguka mimi bado nacheka."

Isdori alipiga magoti. Yale yote aliyojiambia miaka yote, kwamba chembamba ni cha mashuke na kinene ni cha nyama, yalimtoka kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Alikuwa amekwenda mpaka kwa mjane wa mtu, akang'oa mpini, akapima kwa uangalifu wote aliopewa na Mungu, akakitengeneza kile kile.

"Nipe nikakizike," alisema.

"Baba yako alivizika. Cha kwangu kilichukuliwa na polisi. Ameacha kugonga?" Tereza alikifunga kiganja juu ya kisu. "Mimi nilijua unachokwenda kutengeneza. Bertilla naye alijua, alikuwepo. Nishike mkono, unipeleke kwake kesho. Shuke la kwanza nitalikata katika shamba lake. Akinifukuza, utaniongoza turudi, na kisu hiki kitakuwa cha kwanza na cha mwisho. Kashinje amchinje dume wake kwa meno."

Asubuhi walivuka kijito polepole, mama mbele, mtoto akimshika kiwiko. Bertilla alikuwa tayari shambani na kikapu, ulezi unamfika kifuani, umekuwa wa kahawia na mkavu. Aliwaona wakija. Hakusogea.

"Bertilla," Tereza aliita. "Uko wapi? Sioni."

"Niko hapa."

Tereza alinyoosha kisu, mpini mbele. Bertilla alikipokea. Alipitisha kidole gumba mgongoni, vile vile, kutoka mpini hadi ncha, kidole kikasimama hapo. Isdori alitazama ardhi. Alisikia jogoo wa mbali, na lori la mahindi likipanda kilima, na mama yake akihema.

Bertilla alimshika Tereza bega, akamgeuza kidogo kulia. "Umesimama vibaya," alisema. "Mstari unaanzia hapa." Akamrudishia kisu mkononi.

Tereza alipapasa, akapata shuke, akakata.

Walivuna mpaka jua likawa kali, wanawake wawili kwenye mistari inayofuatana, bila kuzungumza. Isdori alikaa juu ya jiwe kubwa pembeni. Alisikiliza. Kisu cha mama yake kilikata shuke, kikakata, kikakata, kisha mkono ukadondosha mashuke kikapuni kwa sauti nyepesi. Mara tatu, na moja. Mara tatu, na moja. Alitaka kuziba masikio na hakuziba.

Alfajiri iliyofuata aliamka kabla ya kengele, kama siku zote. Alilala chali akingoja. Banda lilikuwa kimya. Upepo ulipita chini ya mlango, ukaacha. Aliendelea kungoja mpaka mwanga ukaanza kuonekana kwenye nyufa za dirisha.

"Isdori," mama yake aliita kutoka chumba cha pili. "Na wewe hujalala?"

"Sijalala, mama."

"Unamsikia?"

"Simsikii."

Isdori alisikia kitanda cha mama yake kikilia, akigeukia ukutani, na wote wawili wakaendelea kusikiliza.